Waldemar Techera na Mwanga wa Bi Ercilia

Mwaka mmoja umetimia, Waldemar, tangu moyo wako uliposimama ukiwa umeketi jikoni, maji ya yerba, ile chai yetu ya majani, yakiwa bado motoni.

Ulilitumikia jeshi la anga hadi ulipostaafu, na miaka ya mwisho ulifanya kazi katika ofisi inayopokea taarifa za vitu visivyotambulika angani. Watu walipokuuliza kwenye sherehe kama umekwisha kukutana na viumbe wa kijani, ulijibu, "Bado. Ila nimekutana na maputo mengi."

Ulikwenda mashambani kwa basi, ukaketi na shahidi, ukapokea kibuyu cha yerba kila zamu yako ilipofika, na hukufungua mkoba kabla mwenye nyumba hajatosheka kunywa. Kisha ulimtoa nje, ukamsimamisha mahali alipokuwa siku ile, ukamwomba anyooshe mkono na kupima kwa kidole ukubwa wa alichokiona. Hukumcheka mtu. Karibu mianga yote uliipatia jina: ndege, setilaiti, sayari, moto wa nyasi. Michache iliyobaki uliiandikia "haijulikani", na hukuona aibu kuliandika neno hilo.

Nyumbani ulikuwa mtu wa maneno machache. Mvua iliponyesha ulikaanga maandazi bila kuombwa, ukamwachia mkeo Mirtha jiko limejaa mafuta. Mjukuu wako Luciana alikushinda karata kila mara, kwa kuwa mchezo ule unataka uongo nawe hukuuweza.

Jambo moja lilikuumiza mpaka mwisho, na tunalieleza hapa kwa sababu bado halijamalizika.

Miaka ile serikali ilikuwa ikiamuru saa zisogezwe mbele kila kiangazi. Jumapili moja, ukiwa umeshastaafu, shemeji yako Aparicio alifika kutoka shambani na kukuta nyama ya kuchoma imebaki mifupa.

"Mmekula bila mimi? Ukoo gani huu!"

"Tulisema saa saba, Aparicio," Mirtha alimwambia.

"Na sasa ni saa saba."

"Ni saa nane, bwana wewe."

"Hiyo ni yenu ya serikali. Kwetu hakuna aliyegusa saa. Jua halikupokea amri."

Sote tulicheka. Wewe uliweka kisu mezani na hukula tena.

Ulikuwa umemkumbuka Bi Ercilia Bentancor wa upande wa Tacuarembó. Kiangazi cha kwanza cha amri ile, aliona mwanga umening'inia juu ya malisho. Alikutajia saa, ukaiandika kana kwamba ni ya serikali. Kwa saa hiyo sayari Zuhura ilikuwa bado inaonekana, chini upande wa magharibi. Ulitia saini kwamba alichokiona ni Zuhura, na jalada likafungwa.

Jibu hilo lilifika dukani kwao. "Simameni, Mama Zuhura ameingia!" wanaume walisema. "Mchumba wa angani hajambo?" Bi Ercilia akaacha kwenda dukani. Hata harusi ya mpwa wake hakuhudhuria.

Ulikwenda kulisoma tena jalada lako katika hifadhi ya nyaraka, ukapiga hesabu upya. Kama saa ya mama yule haikusogezwa, basi alitoka nje saa nzima baada ya ile uliyoiandika, na Zuhura ilikuwa imekwisha kutua. Binti yako Fabiana alikupeleka kwake kwa gari.

"Bi Ercilia," ulimuuliza, "kiangazi kile saa yako uliisogeza mbele?"

"Niisogeze ili iweje?"

"Basi nilikosea. Haikuwa Zuhura."

"Umesafiri kutwa nzima kuja kuniambia ninachokijua?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

Alikujazia kibuyu, akakupa. "Radhi umepata, bwana. Lakini hii tumeisikia mimi na wewe, na binti yako, na huyu mbwa. Ile ya Zuhura waliisikia watu wote. Nataka iandikwe."

Ulimwahidi kwamba itaandikwa.

Ofisi ilikujibu kwamba jalada lililokwisha kuingia hifadhini halibadilishwi. Linaweza kuongezewa maelezo ya masahihisho, na anayeruhusiwa kuyaongeza ni yule ofisa aliyetia saini, si mwingine. Uliandika rasimu ukaifuta, ukaandika nyingine. Ulitaka majedwali ya nyota ya nchi nyingine, ulinganishe. Heber alikwambia, "Baba, ipeleke tu. Imetosha."

"Nikikosea mara ya pili," ulimjibu, "atachekwa mara ya pili."

Majedwali yalifika, yakathibitisha hesabu yako. Ulikuwa unanakili maelezo yale kwa mwandiko safi wiki uliyofariki. Tunasikitika kwamba hatukukuharakisha zaidi, ingawa tunajua usingekubali.

Tulipeleka ofisini karatasi ulizoacha. Ofisa aliyetupokea alikuwa mpole, akazisoma zote mbele yetu, akasema hesabu haina kasoro. Lakini hazikuwa na saini yako, na sheria haimruhusu kuzipokea. Alituomba radhi. Kwa hiyo mwenye kwenda leo kusoma jalada lile atakuta Zuhura, na jina lako chini yake.

Tulimpelekea Bi Ercilia habari hizo. Aliuliza kama gazeti la kwao linapokea matangazo ya marehemu. Tukamwambia linapokea. "Na dukani wanalisoma," alisema. "Andikeni jina langu lote."

Basi, Waldemar, ulichoahidi tunakiandika hapa gazetini. Ercilia Bentancor alisema kweli kuhusu alichokiona na saa aliyokiona. Haikuwa Zuhura. Wewe uliyechunguza ulikiri hivyo mbele yake, na hesabu zako zipo nyumbani kwetu kwa yeyote anayetaka kuzikagua. Mwanga ule ulikuwa nini, haijulikani.

Hapa si mahali ulipotaka iandikwe, na imechelewa.

Tunaokukumbuka ni mkeo Mirtha, wanao Fabiana na Heber, mjukuu wako Luciana, na shemeji yako Aparicio.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.