Mjusi wa Zuhura Amekula

Jeppestown, Jumapili usiku, 2012

Amekula! Mjusi wa binti yangu Zuhura, mwenye madoa kama ya chui, alikuwa ameyasusa mabuu ya dukani wiki nzima, mkia umekonda kama ufito. Nilijua tutamzika.

Leo nikanunua nyenje hai, nikawalisha karoti kwanza, nikawapaka unga wa kalsiamu, nikamshikia mmoja kwa vidole vyangu, kinyaa na yote. Akamkodolea macho, akatikisa ncha ya mkia, akamdaka.

Mama yangu akapiga simu kutoka Tanga, nikamsimulia. "Mjusi? Sisi tunamfukuza kwa ufagio, wewe unamwandalia!"

Eish, acha acheke. Hakumsikia Zuhura, anayenijibu Kizulu kila siku, akirukaruka: "Mama, amekula! Mama, amekula!"

Kwa Kiswahili. Kesho naongeza nyenje.