Aliyefuta Kioo cha Kambare

Kitendawili, Mwatumu mjukuu wangu! Hubusu ukuta kabla ya kujifungua. Umeshindwa? Nipe mji. Ni kambare wa baba yako.

Uji uko jikoni, ufunike usiingie nzi. Nimekwenda hospitali kumtazama baba yako. Mama yako akirudi sokoni, msomee karatasi hii yote.

Saleha mkwe wangu, asubuhi niliwaona kambare wa Miraji wanahangaika ndani ya sanduku lao la kioo. Madume wawili wanamwandama jike, naye tumbo limemjaa, anasugua kioo kwa mdomo pale pale. Nikasema hawa wanagombana. Kisha nikaona vidonge vyeupe vimeganda kiooni, nikadhani uchafu, nikavisugua kwa kumbi la nazi. Mwatumu akaja mbio: “Bibi, mayai ya baba!” Akaliokota lile kumbi kuyatafuta. Ndivyo ulivyomkuta, ukamchapa mwiko.

Nami mwenye mvi nikanyamaza. Miraji anatema damu, na kila tukienda neno lake la kwanza ni, “Wametaga?” Nikaogopa.

~~Miraji mwambieni bado hawajataga.~~ La. Nitamwambia mwenyewe leo.

Mpake mtoto mafuta ya nazi mgongoni. Samaki wakianza tena kuandamana, waacheni, hata kioo kikiota ukoga.

Uliuliza mara tatu nani kafuta, hukujibiwa.

Ni mimi, mwanangu. Mtoto hana kosa.

Bibi yake Mwatumu