Kisu cha Baba na Damu ya Sajini

Kabuku, 4 Mei 2024

Mwanangu Naitoi,

Hujambo huko Korogwe? Sisi hatujambo, ng'ombe wanashiba, mgongo wangu unalalamika kama kawaida yake. Huku bomani simu haishiki mtandao, kwa hiyo barua nampa Mhina wa gari la maziwa.

Mbwa wetu Sajini anaumwa. Leo siku ya tatu hali chakula. Mkojo wake umekuwa kama chai ya rangi, na juzi fisi alilia karibu na ndama, naye hakuinua hata kichwa. Nikaona damu yake imechafuka, nikamchanja sikio itoke, kama tunavyowafanyia ng'ombe. Ilitoka nyepesi kama maji. Kesho nitachanja la pili.

Wewe umesomea mifugo na unauza dawa. Kama ipo ya mbwa, mpe Mhina. Marehemu mama yako alimnywesha maziwa mbwa huyu kwa mkono wake. Sitaki anifie.

Baba yako,
Koisaba

Korogwe, 5 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, pole na mgonjwa. Nakuomba sana, baba, weka kisu!

Damu ya Sajini haijachafuka, imepungua. Kupe kamwachia vijidudu vidogo mno. Vinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, vinazaliana humo mpaka zinapasuka. Rangi ya chembe hizo ndiyo hiyo unayoiona kwenye mkojo. Ukimchanja, unamwaga hata chache zilizobaki.

Mfunue mdomo utazame fizi. Kama ni nyeupe, hana muda. Dawa simpi Mhina, maana sindano hiyo hupimwa kwa uzito wa mbwa, na ikizidi inaua. Nimempigia Deogratius, bwana mifugo wa hapo Kabuku, atakuja. Mpokee vizuri, najua humpendi.

Mwanao,
Naitoi

Korogwe, 10 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mhina kapita mara mbili, maziwa kaleta, barua hana. Deogratius anasema alimchoma sindano, zaidi ya hapo hajui. Umenikasirikia kwa kukukataza kisu? Hata kama Sajini amekufa, niambie. Nashindwa kula.

Mwanao,
Naitoi

Kabuku, 17 Mei 2024

Mwanangu,

Hujambo? Nisamehe. Sikukasirika, niliona aibu. Nilipomfunua mdomo, fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi hii, nikajua kisu changu kimechangia. Nikasema siandiki mpaka niwe na la kukufurahisha.

Sasa ninalo. Siku nne alilala tu, nikimdondoshea supu mdomoni kama mtoto mchanga. Ya tano akasimama, akaenda akiyumba mpaka kwa ndama, akalala mlangoni pao. Nililia, nikawaambia watu ni moshi. Jana Deogratius kaja kumtazama, Sajini kamrarulia suruali! Tulicheka wote wawili. Fizi zimeanza kurudia wekundu.

Miaka yote tunawaogesha ng'ombe joshoni, mbwa tunamwacha nje atusubiri na kupe wake. Sasa kila jioni namtoa kupe mwenyewe, na dawa ya kuwazuia ameniletea Deogratius.

Leo asubuhi jirani yetu Metito kaja na kisu mkononi, dume lake la ng'ombe linakojoa mkojo mwekundu. Nimetuma mtu kwa Deogratius, lakini wazee wanataka wakusikie wewe. Njoo na Mhina, kiti cha mbele kiko wazi. Metito nimemwambia hakuna kuchanja kitu hapa, na kisu chake nimekikalia.

Baba yako,
Koisaba