Kilomita za Baba

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya vioo,
Jumapili, mwanzo wa mwezi wa sita.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti likiwa na nafuu, na kwamba zile ngazi za nyumba yako hazijakushinda. Binamu yangu mshonaji naye hajambo? Mwambie gauni alilonishonea bado nalivaa, ingawa sasa lina doa ambalo sitamweleza.

Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, ila anakula. Kaka bado anafundisha na sauti imemkauka. Mimi nina mafuta chini ya kucha, kwa hiyo ukiona alama za vidole pembeni mwa karatasi, usidhani ni uchafu wa kutojali.

Nimelifufua gari la Baba.

Tangu msiba wake lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai, majani yakaota hadi usawa wa milango. Kaka alitaka wanunuzi wa vyuma chakavu walichukue. Mama hakusema ndiyo wala hapana, lakini kila walipokuja kuliangalia alikwenda kusimama mbele yake, akijidai anaanika nguo. Nikasema afadhali litembee kuliko lioze. Unanijua: nikishika jambo siliachi, nalo haliniachi.

Nilianza na oili ya giaboksi, kwa kuwa Baba alikuwa akilalamika kwamba gia zinachelewa kuingia. Nilijilaza chini ya gari, nikategesha beseni, nikafungua nati. Oili ya gia ikiwa nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Hii ilitoka nyeusi, ikinuka kama kitu kilichosahauliwa jikoni. Oili haiungui hivyo kwa safari za dukani. Gari lilipandishwa mlima mrefu, tena na mtu asiyetaka kusimama njiani. Nilibaki pale chini, nati mkononi, nikiitazama inavyodondoka.

Harufu ile haikutoka kwa sabuni. Nilipoingia ndani, Mama alitoka chumbani mbio mbio, akafika mlangoni, akaona ni mimi. Kwa miaka mingi Baba alirudi nyumbani akinuka hivyo. Aligeuka akarudi ndani, akaufunga mlango polepole, kama mtu anayemwacha mgonjwa alale.

Sikuibadilisha oili yote kwa mkupuo. Giaboksi kuukuu ukiisafisha yote siku moja, inasusa. Unatoa kinachokubali kutoka, unajaza kiasi hicho hicho, unalitembeza gari taratibu, kisha unarudia siku nyingine.

Lakini kabla ya kulitembeza nikaja kwenye dashibodi. Unaikumbuka mita ya mafuta ilivyokufa ikabaki inaonyesha tangi limejaa, hata gari likiwa kavu? Baba hakuitengeneza. Alihesabu mafuta kwa namba ndogo za safari, zile zilizo chini ya mshale wa spidi. Kila alipotoka langoni alibonyeza kitufe zikarudi sufuri, na kutoka hapo alijua amekwenda umbali gani na tangi limebaki na nini. Hakusahau hata mara moja. Tulipokuwa wadogo tuliamini kwamba asipobonyeza, gari haliwaki.

Nilikwenda kwa muuza vipuri vya magari mabovu, yule tunayemwita Spana kwa wembamba wake. Alinitolea dashi nzima ya mita, akaipangusa kwa shati.

"Chukua hii, dada. Imetoka gari la mkunga. Mshale huu haujawahi kuona mbio."

"Mkunga asiyekimbia? Watoto walikuwa wanamngoja?"

"Walimwogopa, wakamngoja," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Alikubali kuja nyumbani kunishikia taa. Mama alitusikia tukifungua skrubu, akaja kusimama na kikombe chake cha chai. Akauliza, bila kututazama, "Na kilomita za baba yenu zitakwenda wapi?"

Nilimwambia nitazihamisha, nitaisogeza ile mita ya mkunga hadi ifikie namba ya Baba. Spana akapiga paja. "Mama, mtaa mzima wanarudisha kilomita nyuma ili wauze. Huyu binti yako ndiye wa kwanza kuzipeleka mbele!" Mama alitabasamu kidogo, Shangazi. Nilikuwa sijaliona tabasamu hilo tangu msiba. Kisha akarudi ndani.

Nilipoivuta ile dashi ya zamani ikatoka na nyaya zake, niliiweka mapajani. Taa yake ilikufa gari likiwa chini ya turubai, kwa hiyo hakuna aliyekuwa ameisoma. Ndipo nikaziona zile namba ndogo. Safari ya mwisho ya Baba ilikuwa imekaa pale, mwaka mzima chini ya turubai.

Unakumbuka alikokutwa: kona ya kiwanda cha matofali, hatua chache tu kutoka kwetu kwa mtu mwenye gari. Moyo ulikuwa umesimama, na gari limesogezwa vizuri pembeni. Alikutwa jioni, nasi sote tukaamini kwamba alifia pale mara tu alipotoka nyumbani. Waliomkuta waliligeuza gari ili lipande juu ya lori, na hakuna anayekumbuka lilikuwa likitazama upande gani. Lilibebwa, halikuvutwa, kwa hiyo namba hazikuongezeka.

Namba zile hazikuwa za kufika kwenye kona. Zilikuwa za kwenda kwako mlimani na kurudi. Umbali wa kwako tunaujua nyumbani kama watu wanavyojua siku ya kuzaliwa ya ndugu yao. Hata miaka yote mliyonuniana tangu mgawane nyumba ya Babu, Baba aliutaja akiwa anakula, bila sababu. Nilizidisha mara mbili. Kilichopungua ni kile kipande kutoka kiwandani hadi langoni petu.

Nilikimbia kumwita Mama. Tuliporudi, Spana alikuwa amekwisha toa kioo, na ili kioo kitoke lazima uvute kile kitufe. "Nimekurahisishia, dada," alisema kwa furaha. Namba zilikuwa sufuri tupu.

Nilimweleza Mama nilichokiona. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe umesoma sana. Sasa unasoma hata visivyoandikwa."

Sikukasirika. Ananiogopa nikimletea tumaini. Nikueleze jambo ambalo halikusemwa msibani: asubuhi ile waligombana, kwa sababu ya gari hilo hilo, na Mama alimwambia, "Ukitoka nalo leo, usirudi." Lilikuwa neno la hasira tu, la kila nyumba. Lakini Baba hakurudi, na Mama anaamini alifia njiani akimtii. Kila jioni namsikia akienda langoni. Watu huenda kufunga komeo. Yeye huenda kuhakikisha halijafungwa. Mwaka mzima tumelala na lango lililorudishiwa tu. Kaka alilifunga mara moja, na Mama alimtazama kwa namna ambayo hajathubutu tena.

Sasa nafikia kilichonifanya nishike kalamu, nawe usinione sina adabu.

Siku ya mazishi ulisimama nyuma, ukaondoka kabla ya chakula. Uliponiaga ulinishika bega, ukasema, "Hata shati lake halikuwa na kifungo cha kola." Nilidhani ulionyeshwa nguo zake. Juzi nimefungua ule mfuko wa hospitali. Fundo lilikuwa la muuguzi, halijaguswa na mtu. Shati limo, na kifungo cha kola hakipo. Kiling'oka asubuhi ile ile, kwenye ugomvi. Nilikiokota mwenyewe chini ya kitanda, nami sikumwambia yeyote. Baba hakuwahi kuvaa kola wazi maishani mwake, ila siku hiyo moja.

Kwa hiyo ulimwona, Shangazi.

Sijui mlisemezana nini. Labda mlipatana na ukaona aibu kusema kwamba mlichelewa hivyo. Labda hukumfungulia, ukamtazama dirishani akisimama hadi akachoka. Kama ni hivyo, sikulaumu, kwani hata humu ndani yupo aliyemwambia asirudi. Mimi nakaa kwenye kiti chake, ambacho bado kina bonde la mgongo wake, nikiwasha taa za dashi ya mkunga, na mshale unanyanyuka kidogo gari likiwa limesimama. Spana anasema ni kawaida ya mita za zamani. Mimi naondoa mkono kwenye usukani kila unapofanya hivyo.

Sikuombi unijibu mimi. Mwandikie Mama. Haamini namba, wala haniamini mimi, lakini wewe atakuamini, kwa kuwa hamjawahi kupendana kiasi cha kudanganyana. Mwandikie kwamba alifika kwako, na kwamba alipogeuza gari alikuwa anarudi nyumbani. Kama nimekosea, basi usiandike la uongo. Nyamaza, nami nitajua.

Gari linatembea. Gia zinaingia bila kusita, na oili ya mara ya pili imetoka na wekundu kidogo. Mita sasa inasoma kilomita za Baba, na zangu chache juu yake. Nikitoka langoni nabonyeza kitufe.

Nisalimie binamu mshonaji na wote wanaoulizia habari zetu. Kaka anakusalimu kwa sauti aliyobakiwa nayo. Mama hajui kwamba nakuandikia, lakini nilipomwuliza kama nikutumie salamu wiki iliyopita, hakukataa. Mungu akutunzie goti na usingizi wako.

Mwandikie, Shangazi, ili jioni moja afunge lango.

Wako, mwana wa kaka yako, nikupendaye hata kwa hili,

Kijino