Nilipomwambia Fundi Afute

Shoga, usinipigie, nitashindwa kusema. Soma tu.

Ile laptop ya marehemu mume wangu. Tangu mjukuu aiwekee mfumo mpya ikawa inajikokota, mpaka ifunguke chai imeshapoa. Nikaipeleka kwa fundi, nikamwambia anirudishie mfumo wa zamani, ule aliouzoea mzee.

Fundi akaniuliza, "Mama, kurudisha ule lazima nifute. Nifute yote?"

Mimi naiona ilivyojaa vumbi. Nikamjibu, "Futa yote baba, mpaka kwenye pembe."

Mpaka kwenye pembe, shoga. Ndivyo nilivyosema.

Leo nimeichukua. Inafunguka upesi, inang'aa. Natafuta sauti za mzee, zile alizojirekodi akiwategea wajukuu vitendawili. Hakuna. Fundi akanitazama. "Si ulisema nifute, mama?" Nikamwambia nilidhani kwa kitambaa. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Nimewauliza watoto wote, hakuna mwenye nakala.

Kila jioni nilikuwa namfungulia. Anasema "kitendawili", nami najibu "tega", peke yangu sebuleni kama mwehu. Kile cha mwisho sijawahi kusikia jibu lake. Akifika pale anaposema "mmeshindwa, nipeni mji", naizima hapo hapo. Simpi ng'o, ili kesho tubishane tena.

Leo ningempa miji yote, shoga. Hakuna wa kuipokea.