Mbuzi wa Mzee Évariste na Jua la Mansour

Ghorofa ya mwanangu imefika kwenye mbao za paa, na jirani ameniletea barua ya wakili kwamba ibomolewe.

Sasa ndiyo nikusalimie, mshauri wangu, maana uchungu umeitangulia salamu. Naomba msaada. Mimi ni Mama Steve, mzaliwa wa Bukavu, shule niliishia la sita lakini cherehani yangu imesomesha injinia, ndiyo, Steve wangu, injinia wa umeme, wa kwanza katika ukoo kuvaa joho, na muulize yeyote kanisani kwetu Jeppestown atakuambia siku ile nilipiga vigelegele mpaka walinzi wakaja kuuliza kuna nini. Baada ya miaka kumi na moja ya chumba kimoja Berea, watu watano na cherehani, Mungu alitupa nyumba hapa Kensington, tuliuziwa na mzee Évariste, Mkongo mwenzetu, alipohamia kwa binti yake Pretoria. Mtaa mzuri, kila nyumba na bustani yake, hata yule tajiri aliyenunua pale kwenye kona akitaka kujenga vyumba ishirini vya kupangisha alizuiwa, sijui na nani, nikamshukuru Mungu.

Steve alipotaka kumwoa Murielle nikasema mkwe wangu hatalala kwenye chumba cha kupanga kama nilivyolala mimi, nitawajengea uani kwangu, tena ghorofa, watu waone. Binti yangu Héritière akasoma hati ya kiwanja akaniambia, "Mama, hapa kuna sharti, kiwanja kimoja nyumba moja." Nikamwambia sharti lina mwenyewe, na kwetu ukitaka kugeuza kitu kwenye shamba unarudi kwa aliyekupa shamba. Basi nikabeba mbuzi, kitenge cha mke wake na kreti mbili za soda, tukaenda Pretoria, mzee akala akashiba, akaandika karatasi kwamba ametufungulia sharti, akatia sahihi, na pasta wetu akagonga muhuri wa kanisa. Nikaitia kwenye fremu, iko sebuleni.

Sasa jirani. Ni dada Bushra, mtu wa Tanga, ana duka la viungo Fordsburg. Siku tuliyohamia, kabla hatujafungua boksi hata moja, alituletea sambusa na chai ya tangawizi. Mume wake, Mansour, amepooza miguu, na asubuhi za baridi Bushra humtoa nje kwenye baraza la nyuma aote jua. Kuta zetu zilipopanda Bushra alikuja getini, hakupandisha sauti, akasema, "Mama Steve, siku hizi Mansour anaota kivuli." Nami, Mungu anisamehe, mbele ya mafundi nikamjibu, "Jua halimo kwenye hati yako, dada. Mwenye sharti ameshakula mbuzi." Mafundi wakacheka. Yeye akarudi ndani, na tangu hapo hakuna sambusa wala salamu, mpaka barua hiyo wiki iliyopita.

Jana asubuhi nilimwona Mansour amewekwa mbele, kando ya geti, na blanketi magotini, teksi zinampulizia vumbi, kwa sababu jua limebaki huko tu. Nikafunga pazia. Steve ananiuliza, "Mama, si ulisema umeshamaliza?" nami nimevuta karatasi nikuandikie wewe.

Je, karatasi ya mzee si kitu? Na Bushra anapata wapi neno kwenye hati yenye jina langu? Nakala ya hati nimekuwekea humu. Nijibu upesi, sherehe ya kuezeka nimeshaitangaza kanisani, Jumamosi tarehe 20 Juni.

Mama Steve, Kensington

MSHAURI ANAJIBU

Mama Steve, hongera kwa injinia, na pole. Pole nyingine nimemwekea Mansour.

Nimeisoma hati yako mpaka ukurasa wa tatu, ambao naona nyinyi hamkuufikia. Sharti hilo liliwekwa siku eneo zima lilipokatwa viwanja, na limeandikwa kwamba ni kwa faida ya wenye viwanja vyote vya eneo hilo. Mzee Évariste alikuwa na sehemu yake ya faida hiyo alipokaa hapo. Alipouza, hakuondoka nayo. Ilibaki na kiwanja, sasa ni yako. Bushra ana yake, na wa ng'ambo ya barabara ana yake. Wewe umefungwa kwa ajili yao, nao wamefungwa kwa ajili yako. Hujui nani alimzuia tajiri wa vyumba ishirini? Uliza majirani, nahisi utaambiwa ni sharti hilihili. Ulilifurahia lilipomfunga mwingine.

Kwa hiyo mzee alikula mbuzi wa bure. Alifungua mlango ambao ufunguo wake hana. Na muhuri wa kanisa unafaa kwenye cheti cha ubatizo, mama, manispaa hawaujui.

Halafu ule mdomo. Mwanamke amekuja getini kwako kabla hajaenda kwa wakili, nawe ukampa mafundi wamcheke. Hapo ndipo ulipobomoa.

Simamisha kazi leo, ubao hata mmoja usipande. Tafuta wakili wa mambo ya ardhi kabla siku zilizotajwa kwenye barua hazijaisha, muulize jinsi ya kuiomba manispaa ilegeze sharti. Majirani wataarifiwa, na wana haki ya kukataa. Ramani ya ujenzi iliyopitishwa hukuitaja, na kimya hicho kinanitisha. Huenda ghorofa ikashuka ikawa nyumba ya chini, huenda hata hiyo isibaki. Mwambie Steve hivyo kabla Murielle hajashona mapazia.

Kwa Bushra nenda jioni hii, bila mbuzi, bila kitenge, bila pasta. Ruhusa usiiguse kwanza. Omba radhi, unyamaze, umsikilize.

Sherehe ya kuezeka ifute, lakini siku usiifute. Waite wenye viwanja wote, Steve aje na vipimo vyake, na Bushra akiridhia mkae kwenye baraza lake la nyuma, muone kivuli cha ghorofa kinafika wapi, ndipo mseme ishuke kiasi gani. Waje na mablanketi, maana kuna baridi pale, Jumamosi tarehe 20 Juni, saa tatu asubuhi.