Andika Kuwa Kuna Mawingu

Baraka, tarehe 6 Aprili 2025

Kwako mwanangu Nadège,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mdogo wako Divine. Sisi tuko, Mungu anatushika. Na wewe huko kwenye baridi unaendeleaje? Unakula vizuri? Kile kifua chako cha asubuhi kimetulia?

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu mtandao umekatika tena. Georgette, jirani yetu anayevusha samaki wa ndagala kwa boti mpaka Kigoma, amekubali kubeba karatasi hii. Akifika ng'ambo ataipiga picha akutumie kwa simu yake. Wewe mjibu yeye, naye akirudi atanisomea.

Baba yako tumemzika vizuri. Watu walikuja wengi, ingawa siku hizi watu wanaogopa kukusanyika. Sanduku walilitengeneza vijana aliowafundisha useremala. Pembe moja haikufungana sawasawa, nikafikiri angekuwa hai angelivunja aanze upya. Nilimwekea penseli nyuma ya sikio, ile aliyokuwa akiisahau hapo hata akienda kanisani. Baba yako mdogo Anatole aliniona, akaiacha.

Moto wa kilio unawaka uani. Unajua desturi ya ukoo wa baba yako: moto hauzimwi mpaka mtoto wa kwanza aumwagie maji, na kabla ya hapo mjane havuki lupango, ua wa nyumba yake. Pasta alisema jambo hilo halimo katika Biblia. Akala, akaenda.

Siku ya mazishi nilikanyaga msumari wa ubao, na mguu umevimba. Muuguzi Arlette alikuja kuuosha. Anasema dawa alizonazo haziutoshi, niende hospitali ya Nundu, na nikikawia wanaweza kuukata. Usiogope. Nimemwambia Anatole kwamba kabla mtandao haujakatika ulisema unakuja. Alifurahi sana.

Wanaoota moto hapa wananiuliza kazi yako. Nawaambia unalinda nyota. Jana Mzee Élie akauliza: "Nyota inakimbiaka wapi, mpaka bailinde?" Watu walicheka, na mimi nilicheka, mara ya kwanza. Unieleze vizuri nipate la kuwajibu.

Ni mimi mama yako,
Suzanne

*

Afrika Kusini, tarehe 19 Aprili 2025

Mama yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, sikuweza kukaa. Asante kwa penseli. Mimi mzima, kifua kimetulia. Mguu wako ndio unaoninyima usingizi.

Mama, nakuja. Mwambie baba mdogo hivyo hivyo. Pasipoti yangu iko ofisini pamoja na maombi ya kibali cha kukaa hapa. Nimekwenda kuiomba, wakasema faili haifunguliwi katikati. Nikiondoka bila hiyo pasipoti, mpakani watanizuia, na viwanja vya ndege vya huko kwetu vimefungwa kwa sababu ya vita. Nitapita Lubumbashi, kisha Kalemie, kisha boti. Wakinipa tu, naja.

Kazi yangu ni hivi. Nyota kubwa sana ikifa, inatoa mlipuko wa miale inayoitwa gama. Macho hayaioni. Kuna setilaiti juu zinazoihisi, nazo hutuma habari chini mara moja: upande ule, kitu kimelipuka. Mlipuko wenyewe ni wa kitambo kidogo, hata chai haijapoa umekwisha. Lakini unaacha mwanga nyuma yake, kama makaa moto ukishakufa. Darubini yetu hugeuka haraka kuyatafuta hayo makaa. Tunalinganisha picha mpya na ya zamani, na penye nukta ambayo haikuwepo, ndipo hapo. Nukta hiyo inafifia tukiitazama. Ndiyo maana tunakaa macho. Nyota yenyewe ilikufa kabla dunia haijakuwa na watu, ila habari ya kifo chake ndiyo kwanza imefika.

Jua likichomoza kwetu, tunawaandikia wenzetu wa Chile, ambako bado ni usiku: sisi tumefikia hapa, pokeeni. Mwambie Mzee Élie kwamba hazikimbii, zinazima.

Nakuja, mama.

Binti yako,
Nadège

*

Baraka, tarehe 11 Mei 2025

Mwanangu Nadège,

Nakusalimu kwa upendo. Divine anakusalimu, Georgette naye anakusalimu, na anasema uandike kwa kifupi, maana kioo cha simu yake kimepasuka na sauti inamkauka. Habari ya afya yako? Hapa tunamshukuru Mungu kwa tulichonacho.

Habari ya nyota zako imesomwa mbele ya moto. Kisha Anatole akasema, "Kumbe nabo bazungu banalalaka ku kilio," na Mzee Élie akajibu kwamba tofauti ni moja tu, bale banalipwaka. Hata hivyo nimeona wamekuelewa. Asubuhi yake Anatole alikuwa akisimulia njiani kwamba mtoto wa kaka yake analinda makaa ya nyota.

Kuni ni shida. Njia ya kupanda Fizi-Centre imefungwa, na wanawake waliokwenda kukata kuni mlimani wamerudishwa kwa risasi hewani. Sasa tunachoma mbao za baba yako, zile alizoanika kwa ajili ya madawati ya shule. Kila ubao una alama yake ya penseli. Anatole anaugeuza kwanza, anaisoma alama, ndipo anauweka motoni. Simlaumu. Naye halali vizuri, kwani anaamini moto ukizimwa vibaya, kaka yake hatapata njia.

Mguu unanuka kidogo. Arlette anakuja, anaufunga, anaharakisha kuondoka. Mimi nakaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango wa lupango. Kutoka pale naliona ziwa kupitia nafasi kati ya nyumba ya Georgette na choo chake. Ni kipande chembamba kama kanga iliyokunjwa. Watu wanapita, wananisalimu. Naona miguu yao inavyokwenda popote.

Divine aliomba amwage yeye maji, ili niende Nundu. Anatole alikataa kwa upole. Alisema haiwezekani, kwa kuwa wewe umeshasema unakuja.

Usijisumbue sana na ofisi. Vaa sweta.

Mama yako

*

Afrika Kusini, tarehe 2 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu. Mimi niko salama, ila moyo hauko hapa. Umeandika neno "kidogo" ukizungumzia mguu. Nakujua, mama. Kwako kidogo si kidogo.

Ofisini wameniambia nirudi mwezi ujao. Nililia mbele ya yule mama wa dirishani, akanipa karatasi ya kufutia machozi, wala hakunipa pasipoti. Lakini nakuja. Sitamwacha baba yangu azimiwe moto na mtu mwingine. Mwambie baba mdogo avumilie.

Wiki hii kazini tumepata aibu. Habari ya mlipuko ilifika, tukageuza darubini, na mawingu yakafunika. Utaratibu ni kwamba ukishindwa unawaandikia wote papo hapo: kwetu kuna mawingu. Wakisoma hivyo, wengine wanageuza darubini zao. Zamu ilikuwa ya Nicolas, mtu mzuri, na alikuwa ameungoja mlipuko kama ule kwa muda mrefu. Akasema mawingu yatapasuka sasa hivi. Akaandika kwamba tunaendelea kujaribu. Chile wakadhani tumeushika, wakaelekeza darubini yao kwenye kazi nyingine. Mawingu hayakupasuka. Kulipokucha makaa yalikuwa yamezima, na hakuna aliyeyaona, sisi wala wao. Mkubwa wetu hakumgombeza. Alisema tu: kushindwa si kosa, kosa ni kukaa na kitu ambacho mwenzako angeweza kukishika.

Nakuandikia haya kwa sababu Nicolas amekaa siku nzima bila kula, nami sina mwingine wa kumweleza.

Nakuja.

Binti yako,
Nadège

*

Baraka, tarehe 20 Juni 2025

Nadège, mtoto wangu wa kwanza,

Nakusalimu, na leo siulizi kuhusu chakula chako kwa sababu nina neno gumu. Nimelikalisha rohoni tangu Georgette aliponisomea barua yako. Nilimwomba arudie mahali pale pa mawingu.

Nilikwenda kukaa karibu na Anatole, nikamuuliza kama asemavyo mtu anayepoteza muda: na kama mtoto angetuma neno kwamba hawezi? Alichokonoa moto. Akasema:

"Akisema hawezi, Divine anabeba nafasi yake. Lakini anaibeba yote, Mama Nadège. Utaitwa Mama Divine. Na Nadège, siku atafika, atafika sawa na mugeni. Hatakaa mbele ku kaburi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Mutoto alisema anakuja. Mi nitamukataza kuja kwa baba yake?"

Hakuna aliyenifunga kwa ubaya, mwanangu. Anatole ananifunga kwa heshima yake kwako, na wewe unanifunga kwa upendo. Kila Georgette anaposoma "nakuja", Anatole anaongeza ubao, na mimi naukokota mguu wangu kurudi kwenye kiti. Mbao zimebaki chache. Arlette sasa ananiambia wazi kwamba mguu ule si wa kuchezea tena.

Nilitaka kunyamaza. Mama hawezi kumwambia mtoto wake asije. Na jina la Mama Nadège nimelibeba tangu ulipozaliwa. Baba yako ndiye alikuwa wa kwanza kuniita nalo, akiwa amesimama mlangoni pa chumba cha uzazi na vumbi la mbao kwenye nyusi, akiogopa kukugusa kwa sababu ya mikono yake. Wakiacha kuniita hivyo nitasikia uchungu.

Lakini mwanangu, pasipoti haiko mikononi mwako. Andika kuwa kuna mawingu.

Mama yako

*

Afrika Kusini, tarehe 3 Agosti 2025

Mama,

Nisamehe kwa ukimya. Georgette alinitumia ujumbe kutoka Kigoma kila alipovuka, akiuliza kama kuna neno, nami nikamwambia bado. Julai yote nilikwenda ofisini nikidhani nitakupa jibu lingine. Wamesema faili imehamishwa Pretoria.

Nilikuwa nikifikiri kwamba nikiendelea kusema nakuja, baba hajaisha. Kuna mahali anapoendelea kuningoja. Sikufikiri kwamba wewe ndiye uliyekuwa umekaa mahali hapo.

Georgette, soma yafuatayo mbele ya watu wote, polepole:

Mimi Nadège, mtoto wa kwanza wa Casimir na Suzanne, siwezi kuja. Nilijaribu. Kwetu kuna mawingu. Divine apokee maji na yote yanayokwenda nayo. Baba mdogo Anatole, asante kwa kuulinda moto. Usiongeze ubao mwingine.

Mama, nenda Nundu.

Nadège

*

Nundu, tarehe 24 Agosti 2025

Mwanangu Nadège,

Nakusalimu kutoka kitandani, kando ya dirisha. Naendelea. Wamekata vidole viwili na sehemu ya mbele ya unyayo, mguu wenyewe wameuacha. Daktari amesema ningekawia kidogo tu, tungezungumza mengine. Nimempa jina lako alipouliza nani wa kupewa habari zangu, halafu nikakumbuka kwamba uko mbali, nikampa la Divine.

Neno lako Georgette alilisoma asubuhi, watu wamejaa. Alilisoma polepole kama ulivyoagiza, na hakulalamika juu ya kioo. Alipofika kwenye "siwezi kuja", wanawake waliinamisha vichwa. Anatole alivua kofia. Divine aliogopa, maji mengine ya mtungi yakamwagika kwenye kanga yake kabla hajaufikia moto. Uliposikika ule mlio wa maji kwenye makaa, nilidhani nitalia. Sikulia. Nilisikia njaa.

Anatole mwenyewe alinishika mkono tukavuka lupango. Nje njia ilikuwa ile ile, na mashimo yake yale yale. Georgette alitupakia kwenye boti yake, juu ya magunia, na hakutaka kusikia habari ya nauli. Tulipokuwa majini Anatole akaniuliza kwa sauti ndogo, ili wengine wasisikie:

"Kule kwa kazi yake, mwenye anasema kuko mawingu, usiku ingine banamuitaka tena?"

Nilimwambia sijui, nitakuuliza. Aliitikia kwa kichwa, akatazama maji mpaka tukafika. Ukijibu, mjibu yeye kwa jina lake. Nafikiri anatafuta mlango wa kukurudisha.

Hapa hospitali wananiita Mama Divine. Juzi muuguzi aliita mara kadhaa, nami nikawa nakaa tu nikitazama mwanamke wa kitanda cha pili, nikishangaa kwa nini haitikii. Divine alicheka, kisha akaacha kucheka, akaja kunikumbatia. Ni mtoto mwema. Jina halimkai vizuri bado, na mimi pia.

Sijui kama utapata pasipoti yako, wala vita vitakwisha lini. Kutoka dirishani hapa ziwa naliona lote, na sijalizoea. Ukigeuza darubini yako, mwanangu, na nukta ikafifia mbele yako, usijilaumu. Waandikie wenzako, kisha ule.

Wewe ndiye niliyekuzaa wa kwanza, hilo halina wa kulibeba badala yako. Unikumbuke.

Mama yako,
Suzanne